Lahaja za Kiarabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota darasani kwangu, ambako hukaa pamoja watu wa aina tatu: waliomaliza chuo cha Kurani, wanaokwenda Ghuba kutafuta riziki, na wanaojiandaa kwenda kusoma Misri. Maneno ya Kiarabu nimeyaandika kwa hati yetu. Alama ya ' inasimama badala ya hamza au 'aini, herufi mbili za kooni ambazo hati yetu haina.

## Mwanzo wa mambo

Nimehitimu madrasa na Kurani naisoma vizuri. Mbona Waarabu wakiongea siambulii kitu?

Kwa sababu ulichosoma madrasa hakuna mtoto wa Kiarabu anayezaliwa nacho mdomoni. Fus-ha, yaani Kiarabu fasaha, hufundishwa shuleni. Ndicho cha Kurani, magazeti, hotuba, taarifa ya habari na mkataba wa kazi. Nyumbani, sokoni na kwenye teksi watu husema ammiya, ambayo Moroko na Algeria huitwa darija. Mwarabu aliyesoma anavyo vyote viwili, ila kimoja alikinyonya kwa mamake na kingine alikipata kwa mwalimu, kama wewe.

Chukua sentensi nyepesi: "Sasa unataka nini?" Kitabuni ni *madha turidu al-aana?* Ukifika Cairo utasikia *'ayiz eh dilwa'ti?* Damascus ni *shu biddak halla'?* Kuwait *shtabi alhin?* Muscat *mo tibgha alhin?* Khartoum *dayir shinu hassa'?* Casablanca *ash bghiti daba?* Neno la kutaka limebadilika, la sasa limebadilika, na hata nafasi ya "nini" imehama. Angalia Cairo na Khartoum: wanasema "unataka nini", kitendo kwanza kisha swali, kama sisi. Wengine wanatanguliza "nini".

Lahaja za Kiarabu ziko ngapi?

Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22, na watu hudhani basi lahaja ni 22. Lahaja haina pasipoti. Kwa kurahisisha husemwa kuna Kiarabu cha Magharibi (kutoka Libya hadi Mauritania), cha Misri na Sudan, cha Sham (Syria, Lebanon, Jordan na Palestina), cha Iraq, na cha Bara Arabu lenyewe, ambacho ndani yake mna Ghuba, Najd, Hijaz, Yemen na Oman.

Mgawanyo huo ni wa ramani. Upo mwingine wa zamani zaidi ambao unaeleza mengi: watu wa mjini, wakulima wa vijijini na mabedui. Mfano ninaoupenda ni Iraq. Mtu wa Mosul akisema "nilisema" hutamka *qiltu*, na Mwislamu wa Baghdad hutamka *gilit*. Wayahudi na Wakristo wa Baghdad hiyo hiyo, waliokaa mtaa wa pili tu, walisema *qiltu* kama watu wa Mosul. Lahaja ya zamani ya mjini ilibaki kwa hao, na Waislamu wa mji wakachukua lahaja ya makabila ya kibedui yaliyohamia baadaye. Aliyekaa Unguja hatashangaa: kutoka Mjini hadi Makunduchi ni mwendo wa daladala, na ukifika unahitaji mkalimani.

Ipi ndiyo sahihi, au iliyo karibu zaidi na Kurani?

Kila Mwarabu atakuambia ni ya kwao. Ukweli ni kwamba kila lahaja imehifadhi kitu na kuangusha kingine. Irabu za mwisho wa neno, zile zinazotutoa jasho kwenye nahau, zimeanguka karibu kila mahali katika mazungumzo ya kawaida.

## Matamshi

Ni herufi gani humtambulisha mtu anatoka wapi?

Anza na qaf, na kipimo chake ni kahawa. Kitabuni *qahwa*. Cairo na Beirut qaf inamezwa na kuwa hamza: *'ahwa*. Ghuba, Sudan na Misri ya juu (yaani ya kusini) ni *gahwa*. Watu wa miji ya Oman bado wanaitamka qaf yenyewe, huku mabedui wa nchi hiyo hiyo wakisema g. Katika baadhi ya vijiji vya Palestina ni *kahwa*, ambayo imebaki hatua moja tu kufika kwenye magenge yetu.

Ya pili ni jim. Cairo ni g, ndiyo maana ngamia huwa *gamal*. Lebanon ni j laini inayokaribia sh. Kuwait, Bahrain na Emirati huweza kuwa y: msikiti ni *masyid*, kuku ni *diyay*. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba bosi wake "hajui kutamka msikiti". Bosi alikuwa anatamka vizuri sana, kwa lahaja yake.

Ya tatu ni kaf, ambayo Iraq na Ghuba hugeuka ch katika maneno mengi, kama *chalb*, mbwa. Hii ina uzito wake kwenye kumsemesha mwanamke, kama nitakavyoeleza kwenye swali la safari ya Ghuba hapo chini.

Mwisho, th na dh. Mabedui, Wairaki na Waomani wanazo. Cairo hawana: tatu ni *talata*. Wakilikuta neno la kisomi lenye th wanatia s, hivyo *thaqafa* inakuwa *saqafa*. Usimcheke Mmisri, ndivyo walivyozoea tangu zamani.

Sisi Waswahili tuna nafuu yoyote?

Tunayo kubwa kuliko tunavyodhani. Anayesema thelathini, dhahabu na ghali kwa usafi ameshavuka matamshi yanayowashinda wageni wengi. Wanaotamka "selasini" na "zahabu" watakuwa na kazi zaidi, ila kwa Cairo watakuwa nyumbani.

Tunapokwama ni kwenye 'aini, kwenye ha nzito, kwenye s, t na d nene, na zaidi ya vyote kwenye kukaza herufi. *Hamam* ni njiwa, *hammam* ni bafu na choo. Nimemshuhudia mzee mmoja wa makamo, msafiri wa Umra, akimwuliza askari kwa adabu zote njiwa wako wapi. Askari akamwonyesha juu.

Na kwenye maneno, Ghuba hasa, utakutana na ndugu usiowatarajia. Dirisha kitabuni ni *nafidha*, Misri *shibbak*, lakini Kuwait na Oman ni *dirisha*, kwa sababu wao na sisi tulilichukua kwa Waajemi. Meza ni *mez*. Chai Misri ni *shay*, Ghuba na Iraq ni *chay*. Fedha Ghuba huitwa *bezat*, na riyali ya Oman hugawanywa katika *baisa* 1000. Pesa na baisa zote zina asili ya Kihindi.

## Sarufi ya mtaani

Mwalimu wa Misri alinifundisha kwamba b- ni wakati uliopo. Mwenzangu wa Dubai anasema ni wakati ujao. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalovuruga watu kuliko yote.

Fus-ha ina kitenzi cha *aktubu* kinachobeba "naandika" na hata "nitaandika", na ukitaka ujao uwe wazi unatia *sa-*. Lahaja zimetengeneza viambishi vyake vya wakati, kama na- na ta- zetu. Misri b- ni ya mazoea na ya sasa, na ujao ni ha-. Ghuba b- ni ya ujao. Kwa hiyo *baruh* kinywani mwa Mmisri ni "huwa nakwenda", na kinywani mwa Mkuwait ni "nitakwenda". Fikiria unamwuliza mtu kama atafika msikitini leo akakujibu *baruh*. Cairo amekuambia tabia yake, Kuwait amekupa ahadi.

Sham nao wana b- ya sasa, wanaongeza *'am* kitendo kikiwa kinaendelea hivi hivi, na ujao wao ni *rah*. Iraq wana *da-* kwa kinachoendelea. Moroko ni *ka-* au *ta-* kwa sasa na *ghadi* kwa ujao. Ta- ya Moroko isikupotoshe: kwetu ni kesho, kwao ni leo.

Kwa nini Mmoroko anasema "sisi" akijizungumzia mwenyewe?

Hasemi sisi. Mashariki yote, n- mwanzoni mwa kitenzi ni ya wingi: *niktib* ni "tunaandika". Kutoka Libya kuelekea magharibi, n- ni ya mtu mmoja, na wingi unaongezewa -u mwishoni: *nimshi* ninakwenda, *nimshiu* tunakwenda. Wataalamu wakichora mpaka kati ya Kiarabu cha Mashariki na cha Magharibi, hii ni alama wanayoitazama mapema. Kwa Mswahili ni zawadi. N- ni mimi, kama ni- yetu.

Ile "sh" mwishoni mwa vitenzi vya Wamisri ni ya nini?

Ya kukanusha. *A'raf* ni najua, *ma'rafsh* sijui. Inatokana na *shay'*, kitu, kama vile mtu alikuwa anasema "sijui kitu" hadi kitu chenyewe kikaishia herufi moja. Moroko, Algeria na Tunisia wanayo pia, na vijiji vingi vya Palestina. Ghuba na Sudan hawaitumii. Wao *ma* inatosha.

"Kipo" na "hakipo" husemwaje?

Misri *fi* na *ma fish*. Sham na Sudan *fi* na *ma fi*. Iraq na Kuwait *aku* na *maku*. Oman na Yemen utasikia *shay* na *ma shay*. Moroko *kayn* na *ma kaynsh*. Ukiyajua haya na bei, dukani hutalala njaa.

## Kuelewana na kutoelewana

Mmoroko na Mwiraki wakikutana huongea nini?

Kila mmoja husogea katikati. Wanaacha maneno ya kwao ambayo wanajua mwenzao hana, wanakopa ya Misri au ya Sham, wanatia fus-ha pale penye mwanya. Mzigo haugawanywi sawa, maana Mmoroko ndiye husogea zaidi. Darija imebana irabu hadi konsonanti zinagongana, na imejaa maneno ya Kiamazigh, Kifaransa na Kihispania. Gari lenyewe ni *tomobil*. Mmoroko anawaelewa wa mashariki kwa sababu amekua akiwatazama kwenye televisheni. Wa mashariki hawakukua wakimtazama yeye.

Na kwa nini Kimisri kinajulikana kila mahali?

Sinema, redio na muziki. Studio Misr ilifunguliwa Cairo mwaka 1935, na kwa miongo mingi filamu ya Kiarabu maana yake ilikuwa filamu ya Misri. Mwaka 1953 ikaanza Sawt al-Arab, redio iliyosikika Uarabuni kote. Na Alhamisi ya kwanza ya mwezi watu walikuwa wakijikusanya redioni kumsikiliza mwimbaji Umm Kulthum.

Siku hizi Wasyria wamewakaribia. Tamthilia ya Kituruki iliyopewa jina la *Noor* iliporushwa na televisheni ya MBC mwaka 2008, sauti za Kituruki ziliondolewa zikawekwa za Kisyria, na akina mama wa Riyadh hadi Algiers wakawa wanasikia *shu* na *halla'* kila jioni.

Kuna maneno yanayoweza kuniaibisha?

Yapo, na hatari ni yale yanayofanana. *'Esh* Cairo ni mkate. Ghuba *'esh* ni wali. Mtu aliyetoka kusoma Misri akaomba 'esh kwenye mgahawa wa Kuwait asilalamike akiletewa sinia.

*Mabsut* mahali pengi ni mwenye furaha. Iraq ni aliyepigwa. Usimwambie Mwiraki kwamba mtoto wake anaonekana mabsut.

Na lile ambalo kila Mswahili hulitia mdomoni bila kufikiri: afya. Sham, ukimkuta mtu kazini, unamwambia *ya'tik al-'afye*, Mungu akupe afya, na ni adabu nzuri sana. Moroko *l-'afya* ni moto. Umemwombea moto.

## Kwa wanaosafiri

Nakwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Nijifunze Kiarabu gani?

Cha Ghuba, na ujifunze kabla hujapanda ndege. Sababu yake si ya kitabuni. Kwenye nyumba na maduka ya Ghuba watu wa Asia, Afrika na wenyeji wamejitengenezea Kiarabu cha mkato: kitenzi hakibadiliki, *fi* inaingia kila mahali, na "sijui" inakuwa *ana ma fi ma'lum*. Mwenyeji akikuona mgeni atakusemesha hicho hicho akidhani anakusaidia. Unaweza kukaa miaka mitano, ukaondoka unaongea haraka haraka Kiarabu ambacho mwenye nyumba hamsemeshi mamake. Mwenyeji anasema *madri*. Ukimjibu *madri* badala ya *ma fi ma'lum*, mara nyingi huinua uso kukutazama upya.

Jambo la pili ni jinsi ya kumsemesha mwanamke, kwa kuwa mama wa nyumba ndiye utakayekuwa naye kutwa. Madrasa tulisoma *-ki*. Kuwait na Bahrain ni *-ch*: *shlonich*, hujambo mama (kwa mwanamume ni *shlonak*, na neno kwa neno ni "rangi yako ikoje"). Oman ni *-sh*: *kef halish*. Ukitumia -ak ya kiume kwa bi mkubwa hatakufukuza, ila ni kama kumwita mamkwe "kaka".

Nakwenda Oman. Si wanaongea Kiswahili?

Wengi, ndiyo. Familia zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, walikwenda na lugha yao, na Muscat utaisikia madukani na maofisini. Lakini usiitegemee kwa kila mtu.

Kiarabu cha Waomani wa miji na vijiji vya bara ni cha kipekee: qaf wanaihifadhi, halafu jim wanaitamka g kama Cairo, *gabal* badala ya jabal. Lahaja hii ilikuwa ikisikika Zanzibar kiasi kwamba Mjerumani Carl Reinhardt, alipochapisha sarufi yake mwaka 1894, aliiita lahaja inayosemwa Oman na Zanzibar, zote mbili kwenye jalada moja. Mombasa na Lamu hadithi ina upande mwingine, kwa kuwa Washihiri walikuja na Kiarabu cha Hadhramaut, huko Yemen. Ndiyo maana babu wawili wa mtaa mmoja, Mmanga (wa asili ya Oman) na Mshihiri, wangeweza kubishana hata jina la "sasa".

Nimepata nafasi ya kusoma Misri. Fus-ha yangu haitoshi?

Kwa vitabu na mitihani inatosha. Kwa mhadhara itategemea: wako wahadhiri wanaoanza kwa fus-ha na dakika ya kumi wako Kimisri kitupu, hasa wakichekesha. Kwa kupanga chumba haitoshi kabisa. Miezi miwili ya kwanza kaa na wauza maharage kuliko na Waswahili wenzako.

Wananitumia ujumbe wenye namba katikati ya maneno. Ni fumbo?

Ni hati ya simu ya enzi ambazo simu hazikuwa na herufi za Kiarabu. 3 ni 'aini, kwa kuwa imefanana nayo ikigeuzwa; 7 ni ha nzito; 2 ni hamza; 5 ni kh. *Saba7 el 5er* ni habari za asubuhi. 9 ndiyo ya kuangalia: wengine wanaitumia kwa qaf, wengine kwa s nene.

## Mambo ya pembeni

Imamu mmoja wa Moroko anasoma Kurani tofauti na sisi. Ndiyo lahaja yake?

Hapana. Hiyo ni qiraa, namna ya kuisoma Kurani, jambo la isnadi (mnyororo wa wapokezi) na mapokezi, na halihusiani na anachosema akinunua nyanya. Sisi tumezoea riwaya ya Hafs. Moroko, Algeria na sehemu kubwa ya Afrika Magharibi husoma Warsh. Sudan utakuta ad-Duri. Katika Warsh hamza ya *mu'minun* hulainika ikawa *muminun*, na Fatiha ni *maliki* bila kuvuta. Zote zimepokewa.

Wanubi wa Kibera wanasema Kiarabu?

Wanasema Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu na sasa inasimama kwa miguu yake. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliobaki na gavana Emin Pasha karibu na Ziwa Albert. Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891, na kizazi chao kikakaa Bombo nchini Uganda, Kibera na kwingineko. Watu wa makabila mengi waliojifunza Kiarabu kambini waliacha 'aini na ha nzito, wakaacha unyambuaji wote, wakatia viambishi: *ana gi rua* ninakwenda, *ana bi rua* nitakwenda. Kitenzi hakiguswi. Kinahusiana sana na Kiarabu cha Juba. Na tahadhari moja kwa Waswahili wa Nairobi: Mnubi akikuomba *moyo*, anataka maji.

Kimalta ni Kiarabu?

Kwa asili ndiyo, kwa wenyewe hapana. Kilitokana na Kiarabu cha Sisili, kikaandikwa kwa herufi za Kilatini, kikajaa Kiitaliano, na tangu 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Wamalta ni Wakatoliki na wanamwita Mungu *Alla*, na mfungo wao wa Kwaresima huitwa *Randan*. Huhitaji kuuliza neno hilo lilitoka wapi.

Niko Salalah na kuna watu siwaelewi hata neno moja. Ni lahaja gani hiyo?

Inawezekana si Kiarabu kabisa. Milima ya Dhofar wanasema Kijibbali, ambacho pia huitwa Kishehri. Jangwani kuelekea Yemen wanasema Kimehri. Na kisiwani Socotra, Kisocotra. Ni ndugu wa Kiarabu kama Kihabeshi kilivyo ndugu yake, si watoto wake, na Mwarabu wa Muscat akisikia anabaki kama wewe. Wape salamu ya Kiarabu, watakujibu kwa Kiarabu.

Na wale wa Yemen wanaosema "am" badala ya "al"?

Hao ni wa Tihama, pwani ya Bahari ya Shamu, pamoja na sehemu za Jizan upande wa Saudia. Nyumba ni *am-bet*. Si kosa la ulimi. Wanazuoni wa nahau wa zamani waliiandika *am-* hiyo vitabuni mwao kama lugha ya baadhi ya watu wa Yemen, na bado inasemwa leo.